Wapelekeni kaunta, kwata wataikuta mbele

Ndugu Mhariri, wiki hii mmeuliza kama wanafunzi wa sekondari waruhusiwe kujitolea kwenye vituo vya polisi ili waijue kazi kabla ya kuiomba. Mimi ni mwalimu wa shule ya kata hapa Temeke, na ndiye mlezi wa skauti wetu. Nasema waruhusiwe, ila wapelekwe kaunta, pale wananchi wanapopokelewa, si kupigishwa kwata.

Kwata tunayo ya kutosha. Skauti wanapiga, na tangu 2013 wahitimu wa kidato cha sita wanakwenda tena JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, baada ya mpango huo kusimama mwaka 1994. Atakayeajiriwa polisi ataikuta tena chuoni Moshi. Asichokijua mtoto ni kazi yenyewe. Muulize wa kidato cha tatu askari anafanya nini, atakwambia anakamata wezi na kusimamisha magari. Hajui kwamba muda mwingi askari anaandika. Huyu kaibiwa simu kwenye mwendokasi, anataka RB, namba ya taarifa yake polisi. Yule kapigwa, shati lina damu, anasubiri PF3, fomu ya polisi, aende nayo hospitali. Kwenye benchi kuna mama kashika hotipoti ya mwanawe aliye mahabusu, anauliza habari za dhamana na kila anayemuuliza anamwambia asubiri. Mwanafunzi akishinda pale akimwelekeza huyo mama aonane na nani, atajua kama kazi anaiweza. Wapo watakaogundua hawaiwezi, na hiyo nayo ni faida.

Marekani wanao mpango uitwao Law Enforcement Exploring, wa vijana wa miaka 14 hadi 20. Wanafundishwa mawasiliano ya redio na kuongoza magari, na wengine hupanda gari la doria na askari. Uingereza wana Volunteer Police Cadets, kuanzia miaka 13. Lakini hukohuko Marekani waandishi wa habari wamefichua askari waliowanyanyasa kingono vijana waliokabidhiwa. Kwa hiyo mwanafunzi wangu hapandi difenda, yaani gari la doria, na haachwi na askari mmoja chumbani, awe mwema namna gani. Mwalimu au mzazi awepo.

Halafu kuna siri za watu, jambo ambalo naona wengi hawaligusi. Dawati la Jinsia na Watoto, panapopokelewa kesi za ukatili, wasilisogelee kabisa. Kesi za kule si za kusikiwa na mwanafunzi anayesoma na huyo aliyeumizwa. Na wa Mbagala apelekwe Chang'ombe, wa Chang'ombe aende Mbagala, asije akamkuta baba wa jirani amevuliwa viatu na mkanda, jioni mtaa mzima ukajua.

Tuanze na likizo ya Juni, kituo kimoja, watoto wachache, kibali cha mzazi mkononi. Sare wasipewe. Fulana ya njano na kitambulisho cha shule vinatosha, maana hapa Dar ukimvika mtoto kitu kinachofanana na sare ya polisi, bodaboda wa kwanza atakayekutana naye ataanza kumwomba msamaha.