Kihisi chasema 3.1, kidole chasema 6.4: nimwamini nani?

SWALI: Habari daktari. Nina kisukari aina ya kwanza, natumia kihisi cha kubandika mkononi. Usiku wa manane kinapiga kelele kwamba sukari imeshuka hadi 3.1, nikichoma kidole napata 6.4. Mchana, saa moja baada ya kula, kihisi husema 9.0 na kidole 10.2. Hiki ni cha tatu sasa. Je, vyote ni vibovu? Pia natumia vidonge vya vitamini C vya miligramu 1000. Vina shida?

JIBU: Pole kwa kukatishwa usingizi. (Nashukuru umeandika kihisi, ukisema sensa watu watadhani tunahesabiwa.)

Kwanza nikuulize: unalalia upande gani? Kihisi hakipimi damu. Kile kiuzi chake kimezama kwenye majimaji yaliyo chini ya ngozi, na sukari hufika huko ikitokea kwenye damu. Ukiulalia mkono, unabana sehemu ile, majimaji mapya hayapiti vizuri, na namba inaporomoka wakati damu yako haina tatizo. Fungua grafu ya usiku ule. Sukari inayoshuka kweli kwa kawaida huteremka kama mtu anayeshuka mlima. Ya kulaliwa huanguka wima, kisha hupanda ghafla ukishageuka. Nadhani ndicho utakachokiona. Kibandike mkono usioulalia, kwenye nyama laini isiyo na kovu wala uvimbe wa sindano za insulini.

Hata hivyo, kengele usiizime ukarudi kulala. Choma kidole kila mara. Ukijisikia kutetemeka au kutokwa jasho na kipimo hakipo karibu, kunywa sukari gramu 15 kwanza, ubishi baadaye.

Ile tofauti ya mchana hainisumbui. Majimaji ya chini ya ngozi huchelewa nyuma ya damu kwa dakika 5 hadi 15 hivi, kwa hiyo sukari inapopanda baada ya chakula, kidole kitakuwa mbele. Isitoshe, 9.0 na 10.2 zimepishana kwa asilimia 12 tu. Mimi huanza kutilia shaka ikizidi asilimia 20. Na sukari ikiwa chini ya 4.4, naacha asilimia: natilia shaka namba mbili zikipishana kwa zaidi ya 1.1.

Ukitaka kukihukumu kwa haki, subiri saa 24 tangu ukibandike, maana siku ya kwanza vingi huyumba. Kisha linganisha kabla ya kula, wakati mshale ulio kando ya namba umelala, yaani sukari haipandi wala haishuki. Nawa mikono kwa sabuni, ukauke. Nimeshaona mtu akilaani kihisi kumbe ametoka kumenya chungwa, na kidole chenyewe ndicho kilichodanganya. Rudia baada ya saa moja. Kikikosea vibaya mara zote mbili, au namba zikirukaruka bila sababu, au kiuzi kimechomoka, hicho ni kibovu. Kibandue ila usikitupe: piga picha, andika namba iliyo kwenye boksi na tarehe uliyokibandika, uwasiliane na waliokitengeneza. Mara nyingi hutoa kingine, na wengine hutaka kile cha zamani kirudishwe. Hadi upate kipya, dozi ya insulini ipangwe kwa kidole.

Vitamini C ndiyo iliyonishtua kuliko kengele zako. Kuna vihisi ambavyo zaidi ya miligramu 500 kwa siku huvifanya visome sukari juu kuliko ilivyo. Kihisi kinachosema umeshuka kumbe hujashuka kinakuharibia usingizi tu. Kinachosema uko 8 kumbe uko 4 kinakufanya ujidunge insulini usiyoihitaji. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi lako leo, sehemu ya dawa zinazoingilia vipimo. Kama vitamini C imetajwa, acha vidonge hivyo au punguza, na kwa siku ulizovimeza usijidunge kwa namba ya kihisi.