Maswali Yenu: Kula Nairobi Ukiwa Peke Yako

Nasafiri kwa basi kutoka Mwanza kuja Nairobi, peke yangu, kwa siku tano. Nimetenga shilingi 800 za Kenya kwa siku kwa ajili ya chakula. Rafiki zangu wananitisha kwamba huko kula ni ghali. Je, zitanitosha?
*Msomaji, Mwanza*

Zitakutosha, ila mlo wako mkubwa uwe wa mchana. Wageni wengi hukosea hapo. Hushinda mchana kutwa na soda na biskuti, kisha saa mbili usiku ndipo waanze kutafuta sahani ya wali katikati ya jiji, sufuria zilishaoshwa zamani. Kinachobaki wazi saa hizo ni kuku na chipsi, na pesa huishia hapo.

Chakula cha bei nafuu Nairobi hupikiwa wafanyakazi, kwa hiyo hufuata saa zao. Kibandani chai na mandazi huwa tayari alfajiri. Chakula cha mchana huepuliwa kati ya saa tano na nusu na saa sita. Ukifika saa sita kasorobo utapata chapati ya moto na nafasi kwenye benchi. Saa saba utasimama foleni. Saa nane nyama imekwisha, na unachopakuliwa ni mchuzi uliobaki chini ya sufuria kwa bei ileile.

Kuhusu mahali, shika Moi Avenue kama mpaka. Upande wa magharibi, yaani Kimathi, Mama Ngina na Kenyatta Avenue, kodi ya jengo imo ndani ya bei ya chakula, na kikombe cha chai peke yake chaweza kugharimu kama sahani nzima ya upande wa pili. Vuka uende mashariki: Tom Mboya, Latema, Luthuli, River Road. Huko hoteli nyingi ziko ghorofani au ndani ya vichochoro vya maduka, kwa hiyo tafuta ubao wa bei uliosimamishwa mlangoni. Vibanda vyenyewe hutavipata kwa wingi katikati ya mji, maana askari wa kaunti huwafukuza wachuuzi. Viko pembezoni: Ngara, Muthurwa, Industrial Area, na popote penye jengo linalojengwa.

Kiswahili chetu ni kimoja lakini menyu zina mambo yake. Hapa "hoteli" ni mahali pa kula, pa kulala ni lojing'i. Ndengu ni choroko zenu. Omena ni dagaa. Ukisema "chai" utaletewa ya maziwa, na kama wataka ya rangi omba strungi. Chapo ni chapati, madondo ni maharagwe. Mhudumu akikutajia "mbao" ni shilingi 20, "soo" ni 100.

Hesabu ya siku huenda hivi. Asubuhi, chai na chapati mbili, au mandazi: 80 hadi 100. Mchana, ugali na sukuma na nyama ya kuchemsha, au wali ndengu na chapati: 150 hadi 250. Jioni kitu chepesi, 150 hadi 200. Ongeza chupa ya maji na ndizi au parachichi. Bado hujafika 700. Bei hizi hupanda unga na mafuta yanapopanda, kwa hiyo uliza kabla ya kuketi. Siku ya kubana kabisa, chukua githeri (mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja kisha kukaangwa na nyanya) na parachichi iliyokatwa juu yake. Inashibisha hadi jioni, na hakuna sahani nyingine mjini inayokupa nusu ya hiyo kwa pesa hizo.

Jambo la mwisho: hoteli nyingi za River Road hulipwa kwanza. Unakwenda kwa keshia, unataja chakula, unapewa karatasi, unampa mhudumu. Ukikaa tu mezani kungoja kuulizwa, utangoja sana.

Nataka kula nyama choma lakini niko peke yangu, na kila mahali naona wanauza kwa kilo. Nifanyeje nisiibiwe wala nisitupe chakula?
*Msomaji, Kisumu*

Agiza robo. Mahali penye bucha ndani yake, kama Kenyatta Market au soko la Burma, robo kilo huuzwa bila manung'uniko. Tatizo ni kwamba wengi hawajui robo ni kiasi gani ikishaiva.

Nyama hupimwa mbichi, na mfupa wake. Robo ni gramu 250. Motoni hupoteza maji na mafuta, pengine theluthi ya uzito. Ukikatiwa mbavu, toa na mifupa. Utabaki na matonge machache tu. Kwa mtu mmoja mwenye njaa ya kweli, robo ya mbavu haitoshi, ila robo ya paja inatosha pamoja na ugali. Kwa hiyo usiseme tu "nipe robo". Onyesha kwa kidole sehemu unayotaka kwenye nyama iliyoning'inia, simama hapo ikikatwa, na uangalie mzani umeanza sifuri kabla nyama haijawekwa. Mwuzaji wa haki haoni vibaya kuangaliwa. Akianza kuongezea vipande vya shingo na mafuta ili kufikisha uzito, mwambie apunguze, na ukubali gramu chache pungufu.

Kisha uliza maswali mawili kabla haijaenda motoni: ugali na kachumbari viko ndani ya bei au ni kando? Na itachukua muda gani? Mbuzi wa kuchomwa vizuri huchukua nusu saa hadi dakika 45. Ukiletewa baada ya dakika kumi, ama ilikuwa imeshachomwa ikarudishwa motoni, ama nje imeungua na ndani bado. Nyama iliyorudishwa huwa kavu na ngumu pembeni, na chumvi haiishiki.

Kenyatta Market utaitwa na vijana kumi kabla hujavuka mlango. Hawana ubaya, kila mmoja anavutia mteja kwenye bucha yake. Pita, zunguka mara moja, angalia meza gani ina watu wanaokula badala ya wanaongoja, ndipo uketi.

Kama robo nayo ni nyingi, jioni kuna mutura: utumbo uliojazwa nyama na damu, unaochomwa kando ya barabara. Unasema "ya ishirini" au "ya hamsini", na mchomaji anakukatia vipande kwenye ubao, pamoja na chumvi na kachumbari kidogo. Unakula ukiwa umesimama palepale. Kwa sababu ya damu, Mwislamu ataiacha.

Mimi ni dada ninayesafiri peke yangu. Mchana sina shida, lakini jioni naogopa kukaa peke yangu kwenye hoteli za mjini. Nile nini usiku?
*Msomaji, Mombasa*

Dada, panga chakula cha jioni kabla jua halijatua. Njia rahisi kuliko zote ni kaunta ya chakula kilichopikwa kwenye supamaketi kubwa kama Naivas au Quickmart. Pana wali, viazi, kuku, mboga. Angalia kama kinauzwa kwa kipimo cha mkono au kwa uzito: kwa uzito, wali na viazi ndivyo vinavyopandisha hesabu bila wewe kujua. Funga, nenda nacho lojing'i.

Ukitaka kuketi, chagua hoteli yenye familia. Eastleigh, mtaa wenye Wasomali wengi, ni mahali pazuri kwa hilo, na kwa mtu wa Pwani wali wake hautakuwa mgeni sana. Matatu za namba 6 na 9 zinafika. Wali wa Kisomali huja na nyama, supu, na ndizi mbivu. Ndizi hiyo huliwa pamoja na wali, si ya baadaye. Sahani moja ni ya watu wawili, basi omba nusu, au omba wakufungie iliyobaki. Chai huletwa ikiwa na sukari tayari, sema mapema kama hutaki. Ijumaa karibu saa saba mchana hoteli nyingi hufunga kwa ajili ya swala, na katika Ramadhani mtaa huu hulala mchana na kuamka baada ya magharibi. Nenda na kurudi mapema lakini. Usiku mkubwa kurudi peke yako kwa matatu hatukushauri.

Kukaa meza moja na watu usiowajua ni kawaida kila mahali. "Kuna mtu hapa?" yatosha, halafu kila mtu na sahani yake. Simu iwe mfukoni, si mezani, hasa ukiwa karibu na dirisha au mlango.

Safari iliyopita niliharisha siku mbili baada ya kula kibandani. Je, vibanda vyote ni hatari?
*Msomaji, Nakuru*

Kibanda chenyewe si hatari. Hatari ni chakula kilichopoa. Kilichotoka kwenye sufuria inayochemka hakina neno, hata kama benchi limechakaa. Walaumiwe zaidi hawa watatu: kachumbari, wali wa vuguvugu na maji.

Kachumbari haipikwi, na nyanya zake zinaweza kuwa zimeoshwa kwa maji yaleyale ya ndoo tangu asubuhi. Ndiyo maana mtu anakula smoki ya kupasua (soseji iliyopasuliwa) au yai la kuchemsha, vyote vya moto, na bado anaugua: tatizo ni kijiko kile cha nyanya kilichojazwa katikati. Kula bila hiyo, au na pilipili tu. Wali nao una viini ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na ukikaa saa nyingi bila moto huzaa sumu ambayo kuupasha tena hakuiondoi. Wali wa saa tisa alasiri, kwenye sufuria isiyo na moto chini, uache. Ugali ukisongwa sasa hivi ni salama zaidi.

Mambo ya kutazama: kuna mtungi wa maji yanayotiririka na sabuni, au beseni moja la wote? Anayepokea pesa ndiye anayepakua? Sahani zinasuuzwa mara ngapi kabla ya maji kubadilishwa? Kwa samaki, mtazame macho na mashavu kabla hajakaangwa, na uulize bei yake papo hapo, kwa sababu huuzwa kwa ukubwa, na samaki akishafika mezani bei huwa imeshaamuliwa.

Sili nyama. Nitapata nini zaidi ya sukuma wiki?
*Msomaji, Arusha*

Mengi. Ndengu, maharagwe, kamande, githeri, mukimo (viazi vilivyopondwa na mahindi na mboga za majani), managu (mnavu) na kunde. Tahadhari ni moja: mpakuaji kwa ukarimu wake atakumwagia mchuzi wa nyama juu ya wali bila kukuuliza. Sema "bila supu" kabla hajainua upawa. Kwa siku ya kubadilisha ladha, Ngara na Parklands zina hoteli za Kihindi zisizopika nyama kabisa, na Diamond Plaza ina meza nyingi za vyakula mahali pamoja. Hapo ni ghali kuliko River Road, lakini bhajia za viazi peke yake zashibisha.

Nilipe kwa nini? Sina laini ya Kenya.
*Msomaji, Kigoma*

Noti ndogo. Noti ya 1,000 saa moja asubuhi kwa chai ya 30 itamfanya mama akimbie kwa majirani kutafuta chenji huku chai yako ikipoa, au akuambie uilipe kesho. Ivunje supamaketi usiku uliotangulia. Ukipata laini kwa pasipoti yako, lipa kwa M-Pesa kupitia namba ya till (namba ya malipo ya duka), maana mteja hakatwi ada, na usome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kutia namba ya siri. Namba ikikosewa kwa tarakimu moja, pesa zimekwenda kwa kinyozi wa jirani.