Amplifaya ya sabufa kwenye redio ya kiwandani

Swali: Mhariri, nina Toyota Corolla ambayo bado ina redio iliyotoka nayo kiwandani, na nyuma ya redio hiyo hakuna matundu ya RCA, yale ya kutolea sauti kwenda kwenye amplifaya. Nimenunua amplifaya ya wati 300 na sabufa moja. Nimeshauriwa nikate plagi ya upande mmoja wa waya wa RCA na kuziunga ncha zake na waya za spika, kisha umeme niuchukue kwenye waya wa redio. Je, ni salama, au ninunue redio nyingine?
*Msomaji, Morogoro*

Jibu: Ndugu msomaji, redio yako ibaki, lakini ushauri huo usiufuate, kwa kuwa unaweza kuiunguza redio na, kibaya zaidi, kuwasha moto ndani ya gari.

Katika redio nyingi za kiwandani, waya hasi wa spika si ethi. Ukiwasha redio na kupima kwa mita kati ya waya wowote wa spika na bodi ya gari, utasoma takriban volti 6, ilhali kati ya waya zenyewe mbili utapata karibu sifuri, kwa sababu kila mmoja unaendeshwa na saketi yake ndani ya redio. Ganda la plagi ya RCA, katika amplifaya nyingi, huishia kwenye ethi. Ukilifunga kwenye waya hasi wa spika unakuwa umepiga shoti saketi hiyo, na redio nyingi hufa kwa namna hii.

Kagua kwanza kama amplifaya yako ina soketi ya kupokea waya za spika moja kwa moja. Kama haina, nunua kibadilishaji kinachouzwa kwa jina la LOC, ambacho hupokea waya za spika upande mmoja na kutoa RCA upande wa pili. Sauti ichukue kwenye spika za nyuma, zilizo karibu na buti, ukihakikisha chanya na hasi hazipishani. Waya zenye ganda la njano usiziguse kabisa, maana mara nyingi ni za mifuko ya hewa.

Kuhusu umeme, amplifaya ya wati 300 inaweza kuvuta karibu ampia 30 besi inapopiga kwa nguvu, mzigo ambao waya mwembamba wa redio haukutengenezewa. Ondoa kwanza hasi ya betri, kisha vuta waya wa shaba wa milimita za mraba 10 kutoka chanya ya betri hadi kwenye buti, ukiupitisha kwenye raba pale unapotoboa ukuta wa injini. Fyuzi ya ampia 30 ikae ndani ya sentimita 45 kutoka kwenye betri, kwa sababu waya ukichunika kati ya fyuzi hiyo na amplifaya, ndiyo peke yake itakayouzuia usiwake. Sijui kwa nini watu huiacha, nayo ni kitu cha bei ndogo.

Ethi ifunge kwenye chuma cha bodi kilichokwanguliwa rangi hadi king'ae, kwa waya mfupi wenye unene uleule. Waya mwembamba wa REM, unaoiamuru amplifaya kuwaka na kuzima, utoe kwenye fyuzi inayopata umeme ufunguo ukiwa kwenye ACC, la sivyo amplifaya itabaki imewaka usiku kucha na asubuhi betri itakuwa imekwisha. Waya za sauti zipite upande wa pili wa gari, mbali na waya wa umeme, ili usisikie mlio wa altaneta.

Mwisho, kwenye amplifaya, weka kichujio kinachopitisha besi pekee karibu na hezi 80, anza na geini (kiwango cha kukuza sauti) ya chini kabisa, kisha ipandishe polepole hadi besi ianze kukwaruza, na hapo uirudishe nyuma kidogo.