Usihesabu GB, uliza kwanza aina ya hifadhi

Mkuu uliyeuliza kutoka Masasi, hela usiitoe kwanza. Umeuliza kati ya simu mbili, Redmi 12 ya 8/256 (RAM GB 8, hifadhi GB 256) na Redmi Note 12 4G ya 6/128, ipi ina kasi, na mwenye duka kakusukumia ya kwanza kwa sababu "GB nyingi, RAM 16". Kwa maneno hayohayo mimi niliingizwa mjini.

Redmi 12 ina hifadhi ya eMMC 5.1, aina ya chipu ya kutunzia mafaili iliyo ya polepole. Note 12 ina UFS 2.2, aina ya kasi zaidi. Pesa yako inapona au inapotea hapo. eMMC ina njia moja: ikiandika haisomi, ikisoma haiandiki, na kikomo chake ni MB 400 kwa sekunde. UFS inasoma na kuandika kwa pamoja, na kikomo chake kinakaribia mara tatu ya hapo. Dukani hutaona tofauti maana simu ni tupu. Ngoja magrupu ya WhatsApp yamwage video za harusi na programu zianze kujisasisha: unaandika meseji, herufi zinatokea umeshamaliza neno. Unafungua kamera, mtoto keshapita.

Hiyo RAM 16 ndiyo inayonichoma. RAM halisi ni 8. Nane nyingine inakatwa kwenye eMMC ileile, yaani RAM inaazima kwa kitu kinachokokota miguu, GB zako zinapungua, na kila mara simu inapoandika humo inakula uhai wa chipu. Wanaoinadi hivyo msimu wa korosho, watu wametoka kulipwa, wanawaumiza wakulima. Mipangilio ina sehemu ya kuongeza RAM. Izime.

Prosesa: Helio G88 ya Redmi 12 ni ya nanomita 12, Snapdragon 685 ya Note 12 ni ya nanomita 6 (zikiwa chache inakula umeme kidogo), kwa hiyo Note 12 haichemki ovyo kwenye joto letu.

Angalia na majina. Redmi 12 5G ni UFS, Redmi 12 ya 4G ni eMMC. Omba simu iliyofunguliwa, weka AndroBench, programu ya kupima hifadhi, pima kasi ya kusoma mfululizo. Ikipita MB 400 kwa sekunde kwa mbali, hiyo si eMMC. Ikigota kwenye 200 au 300, irudishe mezani. Kisha piga *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa simu, uitume kwenda 15090 ya TCRA uone kama simu ni halali.

GB 128 za Note 12 zisikutishe. Picha na video zihamishie memori kadi, zima WhatsApp kupakua video yenyewe, acha GB 20 wazi siku zote. Kadi nayo ipime kwa H2testw, programu ya kugundua kadi feki, kwenye kompyuta kabla hujaiamini, maana ya feki inapokea kila faili huku ikiharibu za mwanzo kimyakimya.

Muuzaji ukimuuliza "eMMC au UFS?" akakujibu "zote sawa tu kaka", nenda duka la pili.