Victoria Falls iko Zambia au Zimbabwe?

Jamani, mnagombania bure, ni ya wote. Mpaka unapita kwenye mto Zambezi wenyewe, kwa hiyo maporomoko yamegawanywa: upande wa Zambia unalala mji wa Livingstone, wa Zimbabwe unalala mji unaoitwa Victoria Falls. Hata UNESCO mwaka 1989 iliyaandikisha kuwa urithi wa dunia kwa nchi zote mbili, na jina la wenyeji, Mosi-oa-Tunya, yaani moshi unaonguruma, limo humo humo.

Mimi nilikwenda kwa treni ya TAZARA kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia, halafu basi Lusaka, basi tena Livingstone (mgongo naujua mwenyewe). Ilikuwa Novemba, na upande wa Zambia nilikuta ukuta wa mawe mweusi na vijito viwili vitatu tu. Nikavuka lile daraja la mpakani la mwaka 1905 kwa miguu kwenda Zimbabwe, huko maji yalikuwa bado yanamwagika kweli kweli, na ndiko unakoyatazama uso kwa uso.

Kwa hiyo anayekwenda Oktoba au Novemba, Zimbabwe. Machi hadi Mei maji ni mengi pande zote, ila mvuke unakuwa mzito mpaka huoni kitu, na utalowa hata ukiwa na koti la mvua. Simu tia kwenye mfuko wa plastiki. Na ukitaka kuvuka, uliza kwanza viza ya kuingia mara ya pili.