Uliza Ujibiwe: Njia za Baiskeli Mlimani, Nani Anashika Jembe?

Barua za awamu hii karibu zote zimekuja na jambo moja, vikundi vya watu wanaojitolea kuchimba na kutunza njia za baiskeli za milimani. Nimechagua chache na zingine nimezifupisha, maana kuna mmoja ameandika kurasa nzima anamsema mwenzake tu ati hashiki jembe, hiyo nimeiacha hukohuko, wakamalizane wenyewe. Twende kazi.

Shikamoo mwalimu. Tuna kikundi kidogo na njia yetu ya kushuka mlimani, tunaipenda kweli, ila kila mvua ikinyesha katikati panachimbika mfereji. Tunajaza mawe na udongo, mvua inayofuata vyote viko bondeni. Tumechoka sasa. Tufanyeje? (Kiongozi wa Kujaza Mashimo)

Marahaba kiongozi, na poleni na kazi. Umesema njia ya "kushuka mlimani" na nahisi tatizo lipo hapohapo, hiyo njia itakuwa inashuka wima, yaani inapita kulekule ambako maji yangepita yenyewe ukimwaga ndoo ukiwa juu. Sasa ukiyapa maji barabara iliyonyooka namna hiyo yataitumia tu, tairi zinalegeza udongo, maji yanaubeba, mfereji unaongezeka kina, na mfereji ukishakuwa na kina maji hayana tena pa kutokea mpaka yafike chini. Hapo mnaweza kujaza mawe mpaka mzeeke.

Njia inayodumu inakata ubavu wa mlima, haishuki nao. Kuna kanuni mbili ambazo wachimbaji wa njia duniani kote wanazitumia, na zote hesabu yake ni ndogo. Ya kwanza, mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu inapopita, kwa hiyo kama ubavu una asilimia 30 njia yenu isipite 15, ukizidisha hapo maji yanaacha kuvuka njia yanaanza kuifuata. Ya pili, wastani wa njia nzima ubaki kama asilimia 10 hivi, yaani kila mita 10 za kwenda mbele unapanda au kushuka mita 1. Vipande vifupi vikali vinaruhusiwa hasa penye mwamba au mawe mengi, ila vikiwa vingi sana mmerudi palepale. Kupima mnatumia klinomita, kifaa kidogo unachochungulia kwa jicho moja, na siku hizi simu nyingi zina programu inayofanya kazi hiyohiyo, sio sahihi sana lakini kwa kuanzia inatosha kabisa.

Halafu kuna jambo ambalo vikundi vingi vinaliruka, sijui kwa nini, labda kwa sababu halionekani kwenye picha. Njia hata ikiwa na mwinuko mzuri lazima kila baada ya kipande fulani ibadilike, kama inashuka basi ipande kidogo tu halafu iendelee kushuka. Pale chini kabla ya kupanda ndo maji yanalazimika kutoka nje, hayawezi kupanda kilima. Weka mabonde hayo mengi kadiri ardhi inavyokubali, na mwendeshaji mwenyewe ataona raha maana baiskeli inacheza. Na uso wa njia uinamishwe kidogo kuelekea upande wa bondeni, kama asilimia 5, kwa njia ya upana wa mita 1 hiyo ni sentimita 5 tu, macho hayaoni lakini maji yanaona.

Mnapochimba ubavuni, kateni mpaka upana wote wa njia ukae juu ya udongo mgumu ambao haujawahi kuguswa. Msikate nusu halafu nusu nyingine mkaijenga kwa udongo uliotoka kwenye kukata, ile nusu ya nje itabomoka tu, kama sio mwaka huu basi ujao. Udongo mweusi wa juu wenye majani yaliyooza na mizizi haufai kuwa uso wa njia kwa sababu unanyonya maji na kugeuka tope, ukwangueni wote mtawanye mbali upande wa chini, usibaki kama tuta pembeni. Tuta la pembeni ni balaa, linazuia maji kutoka na mnajikuta mmejitengenezea mfereji kwa mikono yenu wenyewe. Hata njia iliyochimbwa vizuri hujitengenezea tuta hilo polepole kwa sababu tairi zinasukuma udongo nje, ndo maana kila msimu kuna kazi ya kulikwangua, kazi ya kuchosha na hakuna anayekuja kukupigia makofi, ila ukiniuliza mimi hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Kuhusu yale magogo ya kulaza katikati ya njia ili yageuze maji, najua kuna mtu kwenye kikundi atayapendekeza, huwa hakosekani. Kwa baiskeli sio mazuri, gogo likilowa linateleza, udongo unajaa nyuma yake haraka, na watu wanalikwepa kwa pembeni mpaka njia inapanuka.

Kwa hiyo jibu fupi ni kwamba hiyo njia ihamisheni. Najua inauma. Na mkishahamisha, ile ya zamani ifungeni kweli, legezeni udongo ulioshindiliwa ili mimea iote, wekeni vizuizi vya mawe au magogo ndani ya mfereji vishike udongo, na muhimu kuliko vyote fukieni mdomo wake wa juu na wa chini kwa matawi na vichaka mpaka mtu akipita asijue kulikuwa na njia. Akiiona tu ataipita, watu ndo walivyo.

Mambo vipi bro. Mimi na washkaji tulichimba jampu kali sana (vile vilima vya kurukia na baiskeli) kwenye msitu wa watu, wiki iliyopita mwenye eneo kaleta trekta kabomoa zote. Tunataka kurudi usiku tujenge upya. Unatushauri nini? (Timu Jampu)

Poa mdogo wangu. Nawashauri mlale usiku.

Naelewa hasira, jampu ni jasho. Lakini jiweke upande wa mwenye ardhi, amekuta mashimo na vilima asivyovijua, mtoto wa mtu akivunjika shingo pale wa kwanza kuulizwa ni yeye. Mkirudi kimyakimya atabomoa tena, safari hii ataweka na seng'enge, na kikundi kingine chochote kitakachomwendea kwa adabu kitakuta mlango umefungwa kwa ajili yenu.

Na msidhani nyie ndo wa kwanza. Mchezo wenyewe umezaliwa kwa vijana wabishi, wale wa Marin County, California, walioanza kushindana kushuka mlima mwaka 1976 na baiskeli nzito za kizamani, breki ya nyuma ikichemka mpaka grisi inaungua ndani wanaijaza upya wanaendelea. Baadaye njia nyingi zikaanza kufungiwa baiskeli, ndipo vilabu vya California vikaungana 1988 vikaanzisha IMBA, chama cha kimataifa cha waendesha baiskeli za milimani, na silaha yao kubwa ikawa kukaa mezani na wenye misitu na kujitolea kufanya kazi. North Shore, karibu na Vancouver kule Kanada, nako njia nyingi za mwanzo zilichimbwa bila ruhusa ya mtu, leo kuna chama kilichoanzishwa 1997 kinachotunza njia kwa makubaliano na wenye ardhi, na watu wanatoka nchi za mbali kwenda kuziendesha.

Kwa hiyo nendeni mkamwone. Wawili au watatu, sio kumi mmevaa helmeti. Muanze na kuomba msamaha, halafu muwe na karatasi, mchoro wa mnachotaka kujenga na wapi, nani anakikagua, nani anakirekebisha, itakuwaje mtu akiumia, na kwamba asipopenda mtakitoa nyie wenyewe. Ombeni kipande kidogo cha majaribio, mtu anakubali kirahisi kitu kidogo ambacho anaweza kukifuta. Mambo ya bima na nani anawajibika hutofautiana kila nchi, hapo tafuteni mtu anayejua sheria za kwenu kabla ya kusaini chochote. Akikataa, amekataa, tafuteni eneo lingine.

Mimi sijui kuendesha hizo baiskeli na mgongo wangu haukubali sururu. Naweza kusaidia au nitakuwa mzigo? (Dada wa Pembeni)

Dada yangu, njoo hata kesho. Kuna kukata matawi yanayochapa watu usoni, kufyeka nyasi, kufagia majani kwenye yale mabonde ya kutolea maji, kuandikisha waliofika, kushika sanduku la huduma ya kwanza, kupaka rangi alama za ugumu wa njia, kuandika barua kwa mwenye ardhi (hii peke yake inaweza kuokoa kikundi kizima maana wachimbaji wengi kalamu inawashinda kuliko jembe). Hizo alama ujifunze mapema, duara la kijani ni njia rahisi, mraba wa bluu ya kati, almasi nyeusi ngumu, almasi mbili mwache apite anayejiamini. Sio kila nchi inafuata hivyo hivyo lakini sehemu nyingi ndizo hizo, walizichukua kutoka kwa watu wa kuteleza kwenye theluji.

Siku ya kwanza tulikuja watu wengi mno, picha zikapigwa, siku ya pili wachache, sasa nimebaki na mwenzangu mmoja. Watu wanakuja kuendesha tu. Nifanyeje? (Tumebaki Wawili)

Hili ndugu yangu ni la kila mahali. Kwanza angalia siku yenyewe mliipangaje, mara nyingi watu hawakimbii kazi, wanakimbia kusimama. Wanafika, majembe hayatoshi, hakuna anayejua aanzie wapi, viongozi wawili wanabishana kona ipite kushoto au kulia, saa mbili zimepita, mtu anaondoka hajui amefanya nini. Njia ipimwe na iwekewe bendera siku kabla, wachimbaji wakija wakute kila kipande kina mtu wa kukisimamia na kazi inayoweza kumalizika siku hiyohiyo. Saa tatu au nne zinatosha kabisa, halafu kila mtu aendeshe kile kipande alichochimba, hapo ndo anaponasa.

Dakika kumi za mwanzo ziwe za usalama, sio hotuba. Kifaa kinabebwa mkononi chini upande wa bondeni, hakuna kuweka begani, mtu na mtu waachane kama mita 3, na ukitaka kumpita anayechimba unaita kwanza unasubiri asimame. Kuhusu vifaa, jembe, sururu, reki ngumu na sepetu vinatosha kuanza. Wenye uwezo huwa wanaongeza Pulaski, shoka upande mmoja na jembe upande mwingine, inayobeba jina la Ed Pulaski, mlinzi wa misitu aliyeokoa wengi wa watu wake kwenye moto mkubwa wa Idaho mwaka 1910 kwa kuwaingiza kwenye handaki la mgodi. Ni nzuri sana penye mizizi, ila kisingizio cha "hatuna vifaa" mimi sikikubali.

Kisha gawa njia vipande, kila familia au kundi la marafiki wapewe chao na kibao chenye jina lao. Mtu akipita akakuta dimbwi kwenye kipande chenye jina lake hasubiri siku ya kujitolea, anakuja mwenyewe jioni na jembe. Na wale wa kuendesha tu usiwatukane, mwambie kila mmoja kitu kimoja kidogo, hilo tawi lililoanguka litoe usiliruke. Wengine wataanzia hapo.

Mimi ni mama mtu mzima, napenda kutembea mlimani. Hawa wa baiskeli wanaharibu njia na wanapita kasi wananishtua. Kwa nini mnawatetea? (Mama Mtembeaji)

Shikamoo mama. La kukushtua una haki moja kwa moja, desturi iliyozoeleka ni baiskeli kumpisha anayetembea, anapunguza mwendo, anaita kwa mbali, ikibidi anasimama. Asiyefanya hivyo msemeshe kiongozi wa kikundi. Na wachimbaji nao wana kazi hapo, wakiweka kona na mabonde kabla ya mahali pa kukutana mwendo unapungua wenyewe, kibao cha "polepole" hakiwezi kazi hiyo.

La kuharibu njia sasa, hapo naomba tubishane kidogo. Watafiti wawili, Wilson na Seney, walilipima hilo Montana, Marekani, wakachapisha 1994, wakakuta kwato za farasi na miguu ya watu vililegeza udongo mwingi kuliko magurudumu, hasa njia ikiwa imelowa. Sisemi baiskeli ni malaika, anayefunga breki akaburuza tairi kwenye mteremko anachimba mtaro na nikimwona namsema, ila njia iliyokatwa vibaya itaharibika hata ukipita wewe na mkongojo wako tu mama.

Baada ya mvua tunaruhusiwa kuendesha? (Hana Subira)

Inategemea udongo. Wa kichanga hukauka haraka na mwingine hata unashikana vizuri zaidi ukiwa na unyevu kidogo, wa mfinyanzi subiri. Tope likiganda kwenye tairi, au ukiangalia nyuma ukaona umeacha alama ya kina, geuza urudi. Ukikuta dimbwi katikati pita katikati, usizunguke pembeni hata kama viatu ni vipya, ukizunguka wewe na wenzako njia ya upana wa mita 1 inakuwa uwanja. Halafu rudi na jembe ulipasulie dimbwi hilo pa kutokea upande wa chini, mkato mpana wa nusu duara, sio kamfereji kembamba ka kidole maana hako kanaziba mvua ya kwanza tu.