Jiwe la mama mkubwa

Muswada wangu ulirudi mwezi wa tisa, mabibo ya kwanza yakianza kudondoka. Barua ya mchapishaji ilikuwa na mistari mitatu: wanashukuru, wanasikitika, wananitakia heri. Riwaya yenyewe ilikuwa imenichukua miaka minne. Kazi yangu ni ya stesheneri, jirani na stendi ya Mtwara. Nawachapia watu barua za maombi ya kazi na mikataba ya kuuziana mashamba. Siku ile nilichapa mpaka jioni, nikarudi nyumbani, nikaufunga muswada kwenye mfuko na kuuweka juu ya kabati. Sikuandika tena kwa miezi kumi na minne.

Nayaandika haya kwa ajili yako unayetunga hadithi na sasa kalamu imekuwa nzito.

Kwanza niseme hali yenyewe ilivyo, maana wengi huidhania uvivu. Kila Jumapili nilifungua faili. Nasoma sentensi ya kwanza, nafuta, naandika nyingine, nafuta tena. Nikisoma hadithi ya mwenzangu kwenye simu, kila palipoandikwa vizuri paliniambia kwamba mimi siwezi. Watu wakiniuliza riwaya imefika wapi, nawajibu "naendelea nayo", halafu usiku nakosa usingizi kwa ajili ya uongo huo.

Marafiki walinitia moyo kwa mfano wa Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar: riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987, Tuzo ya Nobel akaipata 2021. Mfano ni wa kweli na ninauheshimu. Lakini miaka 34 ya mtu mwingine haikunipa cha kuandika kesho yake asubuhi. Ndiyo maana siku hizi simwambii mwandishi aliyekwama "usikate tamaa". Namuuliza: umekwama ukurasa wa ngapi?

Swali hilo nililipata kwa mama yangu mkubwa, Mikindani, bila mwenyewe kujua kwamba ananifundisha.

Nilimkuta uani akibangua korosho. Zilikuwa zimeshachomwa, maganda meusi tii, na vidole vyake alikuwa amevipaka majivu kwa sababu mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi. Anaiweka juu ya jiwe, anaigonga mara moja, anaipindua, anagonga tena, ganda linaachia. Ukigonga kwa pupa kiini kinavunjika, na vipande havina bei ya korosho nzima.

"Ile hadithi yako iliishia wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia nimeiacha.

"Kailete. Mikono yangu ndiyo yenye kazi, masikio yapo tu."

Jumamosi iliyofuata nikampelekea, nikamsomea kwa sauti huku akibangua. Kurasa za mwanzo, jiwe lilipunguza mwendo. Pale binti anapomuaga baba yake likanyamaza kabisa, korosho imebaki mkononi. Kufika ukurasa wa tisa likaanza kugonga haraka haraka, ko-ko-ko, na kwenye ukurasa wa kumi na mbili mama mkubwa akainuka kufukuza kuku. Sikuuliza kitu. Nilichukua penseli nikaweka alama pembeni: hapa limenyamaza, hapa limekimbia.

Mwisho akasema, "Mwanangu, huyu binti kashuka Kariakoo siku ya nne leo na hajala. Na wewe Kariakoo umekaa lini?"

Dar es Salaam nilikuwa nimefika mara mbili tu. Niliamini riwaya ya maana lazima itokee huko, nikajaza kurasa 150 za mji nisioujua. Ile shaka iliyokuwa ikiniambia usiku kucha kwamba sina kipaji ilikuwa imenusa jambo la kweli, ikalipa jina lisilo lake. Hadithi ilikuwa imeharibika kuanzia ukurasa wa tisa, na ukurasa wa tisa mtu anaweza kuurekebisha.

Jioni ileile akanisimulia safari yake ya kwenda Dar kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Wa kusini wenzangu mnaijua ile njia: kipande cha Somanga hadi Ndundu wakati wa masika, basi limezama tope, abiria wanalala porini, na mbele bado kuna kusubiri pantoni ya kuvukia Rufiji. Alinitajia mama mmoja aliyefungua kikapu chake akawagawia abiria ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini inayoliwa kama viazi, mmoja kwa watu wawili. Nilirudi mjini na riwaya nyingine kichwani. Humo binti hafiki Kariakoo. Yumo ndani ya basi mwanzo hadi mwisho.

Kwa hiyo ushauri ninaoutilia mkazo ni huu: tafuta sikio moja. Awe mtu anayependa hadithi na mwenye kazi ya mikono, anayesuka, anayeshona nyavu, anayepeta mchele. Msomee kwa sauti. Usimuulize kama ni nzuri, atakuhurumia. Itazame mikono yake. Baadaye muulize tu anakumbuka nini, na nani alimchosha.

Mengine ni madogo. Naandika kwa mkono kwenye kaunta buku, nusu saa kabla ya kufungua duka, na naachia katikati ya sentensi ambayo mwisho wake naujua, ili kesho nisikutane na ukurasa mtupu. Kazi za wenzangu nazisoma jioni, yangu ikiwa imeshaandikwa.

Kuna pia ukavu usiotokana na uandishi hata kidogo. Katika ile miezi nilikuwa na deni la ada ya mdogo wangu, nafanya kazi siku saba kwa wiki. Mwili uliochoka haubuni kitu. Usiuite kukosa kipaji. Na ukiona hulali, huli, na hamu imekutoka kwa kila kitu, si hadithi peke yake, zungumza na walio karibu nawe na uende hospitali. Huko hakuna aibu.

Barua nyingine kama ile inaweza kuja, na najua itaniuma. Sasa hivi niko ukurasa wa 112. Basi bado limenasa, mvua haijakatika, na yule mama hajafungua kikapu chake. Jumamosi hii nina kurasa sita za kumpelekea mama mkubwa, na penseli nimeshaichonga.